Sura ya Tano: Manati na Kamba

Uwanja wa mpira wa Mpitimbi hauna nyasi za kujivunia. Golini pamekanyagwa mpaka udongo mwekundu umebaki mtupu, na kona ya juu inakatwa na kijia cha kinamama wanaotoka mashineni na ndoo za unga kichwani, ambao hawajawahi kuona sababu ya kuzunguka. Nilifika hapo Agosti 2024, mahindi yameshaingia ghalani, nikiwa na kamba ya manila niliyoinunua Songea mjini na kijana wa bodaboda aliyekubali kunishikia ncha ya pili. Tulipima mara mbili, maana mara ya kwanza mbuzi alipita katikati na kuondoka na kamba. Goli hadi goli: mita 98.

Namba hiyo ndiyo niliyoifuata. Kwenye meli kubwa za Marekani za kubeba ndege, zile za aina ya Nimitz, njia ambayo ndege husukumwa mpaka iruke ina urefu wa mita 94 hivi. Na inaporudi, tangu inaswe na kamba mpaka isimame kabisa, hutumia karibu mita 100. Yaani ndege ya vita yenye uzito wa tani kadhaa, ikiwa imebeba mabomu, ingeondoka kwenye goli la chini la Mpitimbi na kuwa hewani kabla ya kufika goli la juu. Ingerudi hivyo hivyo.

Kando ya uwanja, chini ya mwembe, alikaa mzee akisokota kamba ya mbuzi kwa nyuzi alizozifumua kwenye kiroba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Kiwanja kimeuzwa?"

Swali la haki. Siku hizi ukimwona mgeni na kamba ya kupimia, mengine yanafuata. Nikakaa chini, nikamweleza kwamba sipimi ardhi, napima ndege. Nikamweleza meli, urefu wake wa mita 330 na ushei, sitaha yake bapa kama meza, na ule mtambo unaoirusha ndege, ambao kwa Kiswahili hauhitaji jina jipya: ni manati. Watoto waliokuwa wametuzunguka walicheka, kwa sababu wawili kati yao walikuwa na manati shingoni. Babu hakucheka. Aliendelea kusokota, kisha akasema: "Kwenda nimekuelewa. Hata mtoto akivuta manati, jiwe litakwenda. Mimi nataka kujua linarudije."

Nimesoma vitabu vingi vya ndege za kivita, na karibu vyote huanza na mwendo kasi, kisha makombora, kisha picha ya moto unaotoka nyuma. Mzee wa Mpitimbi alianzia panapostahili. Ndege ya melini imeundwa kuanzia kurudi kwake. Bawa lake, miguu yake, uzito wake, hata idadi ya mabomu inayoruhusiwa kubeba, vyote vinajibu swali la babu.

Tuanze na uzito. Anayesafiri kwa Air Tanzania kwenda Songea mara nyingi hupanda ile ndege ya mapangaboi mawili ambayo kila mtu huiita Bombardier, Dash 8 Q400 kwa jina la kiwandani. Ikiwa imejaa watu, mizigo na mafuta, uzito wake wa juu wa kuruka ni kama tani 29.5. Sasa chukua F/A-18E Super Hornet, ndege ambayo ndiyo farasi wa kazi wa meli za Marekani tangu miaka ya 2000. Ikijazwa mafuta na silaha, inafika karibu tani 30. Ni uzito ule ule. Lakini mabawa ya Bombardier yametanda mita 28, na ya Super Hornet hayafiki 14. Bombardier hubeba abiria 76 na huishukia lami ya Songea kwa upole, rubani akiinua pua kidogo dakika ya mwisho ili magurudumu yaguse kama mtu anayeweka sinia la mayai. Super Hornet hubeba mtu mmoja, wawili ikiwa ni ile ya aina ya F, na hairuhusiwi kugusa kwa upole wowote.

Manati kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi. Chini ya sitaha kuna mirija miwili mirefu yenye pistoni ndani yake. Mvuke unaotoka kwenye mitambo ya meli unazisukuma pistoni hizo, nazo zinavuta kishikio kidogo kinachochungulia kwenye mfereji wa sitaha. Mguu wa mbele wa ndege una mkono wa chuma unaokaa kwenye kishikio hicho. Rubani anapeleka injini hadi nguvu ya mwisho, anapiga saluti, na katika sekunde mbili au zaidi kidogo anatoka kwenye kusimama hadi kilomita 260 kwa saa. Jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria ni mkono wake wa kulia. Haushiki usukani. Umeshika kishikio kilicho juu kwenye fremu ya kioo, kama abiria wa daladala, kwa sababu kompyuta ya ndege inajua pua inyanyuke kiasi gani, na mkono wa binadamu unaorushwa nyuma kwa nguvu ile utaharibu tu. Meli mpya ya aina ya Ford imeacha mvuke na kutumia sumaku za umeme, lakini kwa rubani mambo ni yale yale.

Kurudi ndiko kwenyewe. Sitaha inayomsubiri imepinda kidogo kushoto, kama nyuzi 9 kutoka mstari wa meli, ili ndege ikikosa iende baharini na siyo kwenye wenzake walioegeshwa mbele. Wazo hilo la sitaha iliyopinda lilitoka kwa Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, sawa na manati ya mvuke, sawa na taa za kumwongoza rubani. Taa hizo ziko upande wa kushoto. Akiwa kwenye njia sahihi anaona duara la rangi ya machungwa limekaa sawa na mstari wa taa za kijani. Akishuka mno duara linakuwa jekundu, na nyekundu hiyo maana yake ni ukuta wa nyuma wa meli.

Anakuja kwa kilomita 250 kwa saa. Haiinui pua. Hasubiri kugusa kwa upole. Anaibamiza ndege sitahani kwa pembe ile ile aliyokuja nayo, kwa sababu mbele yake kuna kamba nne za chuma zilizotandikwa mita chache kutoka moja hadi nyingine, na kulabu iliyo chini ya mkia inapaswa kuinasa mojawapo. Na hapa kuna jambo ambalo kijana wa bodaboda alikataa kuliamini mpaka nilipolirudia: mara tu magurudumu yanapogusa, rubani hapunguzi mwendo. Anasukuma injini mpaka mwisho. Ikiwa kulabu imenasa, kamba itaishinda injini. Ikiwa haikunasa, hana muda wa kugundua na kuamua. Sitaha imebakia mita chache, na lazima awe tayari anaruka.

Kijana akasema, "Yaani unafunga breki huku umekaza mafuta?"

Ndiyo. Siku hiyo nilimtaka anioneshe anavyosimama na magunia mawili ya mahindi nyuma kwenye mteremko wa kutokea kijijini. Alitumia breki zote mbili, viatu, na dua.

Kamba yenyewe ina unene wa mpini wa jembe. Ni nyuzi za chuma zilizosokotwa kuzunguka kiini laini, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha nyuzi za mmea zilizolowekwa mafuta, jamaa wa mkonge wetu wa Tanga, ili kamba iwe na mahali pa kubonyea inapovutwa ghafla. Ncha zake zinaingia chini ya sitaha, kwenye pistoni nyingine inayosukuma kimiminika kupitia tundu dogo. Tundu hilo hurekebishwa kwa kila ndege inayokuja, kulingana na uzito wake. Likiwa wazi mno, ndege haitasimama. Likibanwa mno, kulabu au kamba itakatika. Na kamba ikishanasa ndege mara mia moja hivi inatolewa na kutupwa, hata ikionekana nzima. Babu alipolisikia hilo aliinua kazi yake na kuitazama. "Mwenzake wa hii amefunga mbuzi mwaka wa tatu," akasema, "na mbuzi anavuta kila siku."

Ukishaielewa kamba, umbo la ndege linajieleza lenyewe. Ili ije polepole kadiri iwezekanavyo bila kuanguka, inahitaji bawa kubwa lenye vipande vinavyoshuka mbele na nyuma. Ili ihimili kubamizwa, miguu yake ni minene kupita ya ndege yoyote ya nchi kavu ya ukubwa wake, na mguu wa mbele una magurudumu mawili. Ili mkia using'oke kwa kulabu, uti wake wa mgongo umekazwa. Ili ikae na wenzake kwenye sitaha iliyojaa, mabawa yanakunjwa juu, kama kuku anavyokunja anapolala. Chumvi nayo ina hesabu yake. Mtu wa Mpitimbi aliyeezeka bati mwaka ambao mtoto wake alizaliwa anaweza kumwoza mtoto huyo chini ya bati lile lile. Peleka bati hilo Kigamboni, halitasubiri harusi. Ndege ya melini hukaa kwenye upepo wa chumvi usiku na mchana, na mafundi wake hutumia sehemu kubwa ya maisha yao kusugua, kupaka na kuchungulia viungo.

Vyote hivyo ni kilo. Mfano ulio wazi zaidi ni F-35, kwa kuwa Wamarekani waliitengeneza ndege moja kwa sura tatu. Ile ya uwanja wa nchi kavu, F-35A, ikiwa tupu ina tani 13.3 hivi. Dada yake wa melini, F-35C, ana karibu tani 15.7 na bawa lililoongezwa karibu nusu. Tani mbili na zaidi, na hakuna hata kilo moja kati ya hizo iliyoongezwa ili ipigane vizuri zaidi. Zote ni nauli ya kurudi. Wafaransa, ambao Rafale M yao haikunji hata mabawa, wamejitahidi kuipunguza nauli hiyo. Tofauti yake na Rafale ya nchi kavu ni kama nusu tani tu. India iliponunua 26 za aina hiyo Aprili 2025 kwa ajili ya meli zake mbili zinazozunguka bahari hii yetu, ilikuwa inanunua hesabu hiyo pia.

Nchi yetu imewahi kuziona ndege za namna hii zikiwa kazini, na siyo kwenye maonesho. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles kambini Colito, ambako leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kesho yake na wa Tabora wakafuata. Nyerere, baada ya siku chache ambazo baadaye alizizungumzia kwa uchungu, aliomba msaada kwa wale wale waliotoka kukabidhi nchi miaka miwili iliyopita. Meli ya kubeba ndege HMS Centaur ilikuwa imeshasogea kutoka Aden, ikiwa na wanajeshi wa 45 Commando kama 600 waliojazwa pasipokuwa na nafasi. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25, helikopta zilipaa kutoka sitahani. Manowari iliyokuwa nayo ikapiga mizinga ya kuwababaisha waasi, na askari wa kwanza wakashushwa kwenye uwanja wa mpira kando ya kambi. Uwanja wa mpira. Waasi watatu walikufa, na kambi ikasalimu amri asubuhi hiyo hiyo. Juu yao, kutoa ulinzi wa anga, zilikuwa Sea Vixen za skwadroni namba 892 ya jeshi la maji la Uingereza.

Sea Vixen inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni ndege ya ajabu kidogo. Ilikuwa na mikia miwili mirefu iliyounganishwa nyuma kwa ubao mmoja, kama machela. Haikuwa na bunduki hata moja, ya kwanza kati ya ndege za kivita za Waingereza kutegemea makombora, roketi na mabomu peke yake. Rubani alikaa chini ya kioo, lakini kioo hicho hakikuwa katikati, kilisogezwa kushoto. Kulia kwake, chini zaidi, ndani ya tumbo la ndege, alikaa mwenzake wa rada kwenye chumba chenye giza, maana skrini za rada za wakati ule hazikuonekana vizuri kwenye mwanga wa jua. Wenyewe walikiita shimo la makaa. Mtu aliyekuwa humo angeweza kuruka kutoka melini, kupita juu ya Dar es Salaam na kurudi bila kuona mnazi hata mmoja.

Ndege hiyo ilitengenezwa kuwinda ndege za adui usiku na kwenye mawingu, mbali na meli. Asubuhi ile ya Januari kazi yake ilikuwa nyingine kabisa: kuonekana na kusikika. Miezi michache baadaye, meli ile ile na skwadroni ile ile zilikuwa Aden, na Sea Vixen zikawa zinapiga roketi kwenye milima ya Radfan. Ndege moja, kazi tatu, mwaka mmoja. Hakuna aliyekaa mezani na kuandika kwamba iwe ya kazi nyingi. Meli ndiyo iliyoamua. Ukiwa katikati ya bahari huna uwanja wa jirani wa kuazima ndege nyingine.

Lakini kurudi kulikuwa kunaua. Centaur haikuwa kubwa. Urefu wake wote ulikuwa mita 225 hivi, na Sea Vixen ilikuwa ndege nzito kwa sitaha hiyo. Kati ya zile 145 zilizotengenezwa, zaidi ya theluthi moja ziliharibika kwenye ajali, na nyingi zilizama na watu wao. Hazikupotea vitani.

Babu wa Mpitimbi alikuwa mtoto mwaka huo na habari za Colito aliletewa na redio. Ndege alizozikumbuka yeye ni za baadaye kidogo, wakati wa vita vya Msumbiji, za Wareno, zilizokuwa zikiunguruma upande wa pili wa Ruvuma. Aliniuliza kama na zile zililala melini. Hapana, Fiat za Wareno zililala kwenye viwanja vya nchi kavu, Nacala na Tete. Ila bahari haikuwa tupu. Kuanzia Machi 1966 Waingereza waliweka meli mbele ya Beira kuzuia mafuta yasifike Rhodesia ya Ian Smith, na kwa miezi ya mwanzo walileta meli za kubeba ndege, Ark Royal kisha Eagle. Ndege zao hazikupiga bomu. Zilitafuta meli za mafuta, siku baada ya siku, kwenye bahari yenye ukungu wa joto. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sura halisi ya kazi ya ndege ya melini: saa nyingi za kutafuta kitu ambacho hakipo, halafu kurudi kwenye kamba.

Wamarekani walikuja baadaye. Julai 1976, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe na Amin kuanza kuitishia Kenya, USS Ranger ilisogezwa mpaka karibu na pwani ya Kenya, ikiwa na ndege za Phantom sitahani. Haikurusha kitu. Watu wa Nairobi na Kampala walielewa.

Zamani sitaha ya Marekani ilikuwa kama soko, kila mtu na bidhaa yake. Palikuwa na ndege ya kupigana angani, ya kupiga mabomu usiku, ya kupiga mabomu mchana, ya kuwinda nyambizi, ya kubeba mafuta, ya kuvuruga rada. Kila aina na mafundi wake, na vipuri vyake, na ghala lake. F/A-18 ya kwanza ilipopaa Novemba 1978, zile herufi mbili zilizotenganishwa na mstari zilikuwa tangazo: mpiganaji na mshambuliaji kwenye ngozi moja. Babu yake, YF-17, alikuwa ameshindwa na F-16 kwenye mashindano ya jeshi la anga. Jeshi la maji likamwokota, mojawapo ya sababu ikiwa injini zake mbili. Injini moja ikizima juu ya bahari, bado unayo ya kurudia.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na maofisa wengi wa zamani walikuwa na hakika kwamba litaponyoka. Tarehe 17 Januari 1991, siku ya kwanza ya vita vya Ghuba, F/A-18 mbili kutoka USS Saratoga zilikuwa njiani kupiga kiwanja cha ndege magharibi mwa Iraki, kila moja na mabomu manne ya kilo 900. MiG-21 mbili za Iraki zikaja mbele yao. Wakaziangusha zote mbili, kisha wakaendelea na safari na kupiga walichotumwa, mabomu yakiwa bado mabawani wakati wote wa mapigano. MiG-21 si ngeni kwetu. F-7 za jeshi letu, zile ambazo zimewahi kupita juu ya vichwa siku za sherehe, ni mtoto wake wa Kichina. Ni ndege ndogo yenye bawa la pembetatu, kali angani, na inatua kwa kasi kubwa ikiburuta parachuti mkiani. Iweke kwenye sitaha ya meli, itaishia baharini siku ya kwanza.

Hata hivyo wale maofisa wa zamani hawakuwa wajinga. F/A-18 ya awali ilikuwa na kasoro moja iliyosumbua miaka ya 1990, na ilihusu kurudi. Fanya hesabu hii kwa Super Hornet, ambayo ilirekebishwa kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa tupu ina tani 14.5. Inaweza kuondoka na karibu 30. Lakini kamba na miguu vinaruhusu irudi na 20 tu. Zimebaki tani 5 na nusu za kugawana kati ya mafuta ya kujaribu tena ikiwa itakosa kamba, na silaha ambazo haikuzitumia. Siku nyingi silaha hazitumiki. Ndege ya doria inazunguka saa nne, haioni kitu, inarudi. Ikiwa nafasi haitoshi, rubani ana njia mbili: arudi na mafuta machache, au atupe baharini bomu lenye bei ya nyumba nzuri ya Songea. Kwenye ile F/A-18 ndogo, pengo hili lilikuwa finyu mno. Ndiyo maana Super Hornet, iliyopaa mara ya kwanza Novemba 1995, ni kubwa kwa karibu robo nzima.

Sitaha ya sasa inafanana na nyumba ya chumba kimoja cha kupanga: meza ya chakula ndiyo ya mtoto kufanyia hesabu, na kitanda ndicho kiti cha mgeni. Super Hornet inalinda anga, inapiga nchi kavu, inapiga meli, na ikigeuzwa jina kuwa Growler inavuruga rada. Kazi ambayo haiandikwi kwenye mabango ni ya kuuza mafuta. Inafungwa matangi manne na mtambo wenye bomba tumboni, inapaa, na kuzunguka juu ya meli ikisubiri mwenzake aliyekosa kamba mara mbili au tatu usiku na anayeangalia geji inashuka. Ndege ya zaidi ya dola milioni 60, ikiwa kituo cha mafuta. Wamarekani wanaunda ndege isiyo na rubani, MQ-25, ichukue kazi hiyo. Watu wa melini wameingoja kama watu wa kusini walivyoingoja lami.

Na bado pwani ya Afrika inaziona ndege za melini. Tarehe 1 Februari 2025, Super Hornet 16 zilipaa kutoka USS Harry S. Truman na kupiga mapango ya wapiganaji wa Islamic State kwenye milima ya Golis, kaskazini mwa Somalia. Baadaye mkuu wa muda wa jeshi la maji la Marekani, Admirali James Kilby, alisema kwamba ziliangusha zaidi ya tani 55 za mabomu, na kwamba ndilo shambulio kubwa zaidi la anga kuwahi kufanywa kutoka meli moja ya kubeba ndege. Gawanya: kila ndege tani 3 na nusu. Safari hiyo hapakuwa na shida ya kurudi na mzigo.

Shida za Truman zilikuwa nyumbani kwake. Desemba 2024 Super Hornet yake moja ilitunguliwa na meli ya Marekani iliyokuwa ikiilinda. Tarehe 28 Aprili nyingine ilikuwa inavutwa na trekta ndani ya banda la chini ya sitaha; ikaponyoka, ndege na trekta vikaingia baharini. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Mei, ya tatu ilirudi salama kutoka kazini, ikagusa sitaha, na mfumo wa kamba haukuisimamisha.

Habari hiyo niliisikia redioni asubuhi. Nikampigia kijana wa bodaboda, naye akampelekea babu simu. Nilimsimulia polepole, kwa sababu mtandao wa Mpitimbi una tabia zake.

"Watu?" akauliza.

"Walitoka, babu. Viti vilirushwa nje, helikopta ikawaokota majini. Wote wawili."

"Afadhali." Akanyamaza kidogo, nikasikia mbuzi. "Hata ile manila uliyoniachia imekatika. Mbuzi aliitafuna mwezi wa pili. Nimerudi kwenye yangu ya kiroba."